Mgeni Aliyekuja na Gunia

Filogonio Yescas alikuwa mwokaji mikate wa San Bartolo, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kujivunia ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsema vibaya. Wapo wenzake waliojenga ghorofa kwa hela za watoto walioko ng'ambo. Yupo hata mmoja aliyewahi kutokea kwenye televisheni akiwa amekumbatia boga kubwa kuliko mtoto. Filogonio hakuwa na ghorofa wala boga. Alikuwa na jina safi, na alilitunza kama wengine wanavyotunza meno yao ya dhahabu. Akitaka kugombana na mkewe alifunga madirisha kwanza, na akipita sokoni na kapu lake la mikate alisalimia mpaka mbwa.

Basi mwaka mmoja mkutano mkuu wa mji ukamteua awe mkuu wa kamati ya sikukuu ya bendi. Kwetu huku milimani kazi hiyo haiombwi na wala haina mshahara. Mmekaa, jina lako limetajwa, mikono imenyooshwa, na tangu hapo ni wewe na mkeo na kuku wenu na usingizi wenu mpaka mwaka uishe. Ukimaliza vizuri utaheshimiwa mpaka siku watakayokufukia. Ukiharibu, wajukuu wako watakumbushwa shuleni.

Sikukuu ya bendi ina supu ya ng'ombe, ina bendi za miji jirani, ina fataki, na siku hizi lazima iwe na mgeni mzito wa kutoa hotuba, kwa sababu kila mji unaye wake na sisi hatukubali kupitwa. Aliyemtangulia Filogonio alimleta mwanahistoria wa chuo kikuu. Yule bwana alisoma makaratasi yake mpaka mpiga ngoma kubwa akasinzia, akaiangukia ngoma. Watu walikuwa bado wanacheka.

"Mimi sitaki kuchekwa," Filogonio alimwambia mkewe, Amparo, huku akikanda unga.

"Basi usilete msomi. Lete mcheza mieleka."

"Amparo, hili si jambo la mzaha."

"Na mimi sitanii. Mieleka angalau watu hawasinzii."

Aliyempa jina la mgeni ni binti yao, Noemí. Noemí aliolewa El Carrizal, kitongoji chetu kilicho bondeni, chini ya mji, na kila siku ya soko alipanda mlima na mwanawe Elí mgongoni kwenye mbeleko. Siku hiyo alikaa jikoni kwa mama yake, akamfungua mtoto, akasema, "Baba, mleteni Mwalimu Crisóforo Landa. Ni mtu wa mazingira. Anakaa kule kwetu siku hizi, analala shuleni."

Jina hilo Filogonio alikuwa amelisikia redioni, na neno mazingira lilimpendeza sana. Mara moja aliiona sikukuu yote: watoto wanaimba, mche unapandwa, Don Wulfrano, mwenyekiti wa mji, anapigwa picha ameshika koleo. Nani angeweza kukasirishwa na mazingira? Hakuuliza mwalimu huyo husema nini akisimama mbele za watu. Alimkubali hapo hapo.

Kisha macho yake yakashuka kwenye miguu ya mjukuu wake. Ilikuwa na vidonda vyekundu kuanzia magotini, na tumbo la mtoto lilikuwa limejaa kama la mlafi, ilhali mikono yake ni myembamba.

"Bado havijapona tu?"

"Havijapona."

"Si umpeleke kwa daktari?"

"Nimempeleka, baba. Ameniuliza tunakunywa maji gani."

Hapo Filogonio akakumbuka kwamba tanuri lake lina moto, akatoka.

Maji gani, alijua. Sote tulijua. Taka za San Bartolo zinamwagwa Korongoni, nyuma ya makaburi, zinachomwa moto zikijaa, na mvua ikinyesha kilichobaki kinatelemka na kijito. Kijito hicho hakina njia nyingine ila kupita El Carrizal. Tulilijua jambo hilo kama unavyojua kwamba jirani yako anampiga mkewe: unalijua, na asubuhi unamwambia umeamkaje. Watu wa El Carrizal waliandika, wakaja kwenye mkutano, wakasikilizwa, wakapewa kahawa. Kila mwenyekiti alisema suala lao liko mezani.

Siku ya sikukuu kamati nzima ilisimama kwenye lango la mji na makoja ya maua na bendi yetu. Pikapu safi kuliko zote ilikuwa imetumwa bondeni kumchukua mgeni. Ikarudi tupu.

"Yuko wapi?" Filogonio akamuuliza dereva.

"Anakuja kwa miguu. Amesema gari langu linanuka."

"Si umeliosha?"

"Nimeliosha, nimelipaka na manukato! Amesema ndiyo hayo hayo yanayonuka."

Bendi ikapiga machi ya kumlaki mgeni ambaye hajaonekana. Ikapiga tena. Maestro Heladio, kiongozi wa bendi, alianza kumtazama Filogonio kwa jicho la pembeni, na wapiga tarumbeta wakawa wanailamba midomo iliyokauka. Jua lilipokwisha kuwa kali ndipo akatokea kwenye kona: mzee mrefu, mkavu, kofia ya ukindu iliyotoboka, viatu vya tairi, kata ya kibuyu inaning'inia shingoni kwa kamba, na begani gunia. Kila baada ya hatua kadhaa aliinama, akaokota kitu, akatia guniani. Nyuma yake alikuja Noemí na mtoto mgongoni, na kundi dogo la wanawake wa El Carrizal.

Don Wulfrano alimvika koja, akamkaribisha kwa maneno marefu. Mgeni aliyanusa maua, akaridhika kwamba ni maua ya kweli, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapiga ngoma, "Mwenyekiti, vyoo vya mji huu vinaelekea wapi?"

Mtu mmoja alicheka puani. Filogonio aliona masikio yake yakiwaka moto. Hiyo ilikuwa aibu yake ya kwanza siku hiyo, na laiti ingalikuwa ya mwisho.

Nyumbani kwake alikuwa ameandaa mlo wa asubuhi wa heshima: tamale za unga wa mahindi na mchuzi wa manjano, mikate ya mayai, kahawa, na soda kwa anayetaka ukubwa. Sahani zilikuwa zile nyeupe nyepesi za kutupa, maana kwenye sherehe nani ataosha vyombo vya mji mzima? Mwalimu Landa aliitazama sahani yake kama mtu aliyewekewa panya. Akavua kata yake shingoni, akaiweka mezani.

"Mama," akamwambia Amparo, "nitie humu, na Mungu akubariki."

"Yote pamoja, Mwalimu? Na kahawa?"

"Kahawa tutaingojea zamu yake."

Amparo alicheka kwa moyo wake wote. Alimpenda mgeni hapo hapo. Filogonio yeye hakuona cha kuchekesha, maana kwenye meza hiyo hiyo alikuwapo kasisi, na wakuu wa kamati za miji jirani, na wote walikuwa na sahani nyeupe mbele yao, na sasa hawakujua waendelee kula au wajifanye wameshiba. Mmoja alianza kuificha chupa ya soda miguuni kama mwanafunzi.

Baada ya kula, ratiba ilisema mgeni apelekwe kanisani akaone madhabahu ya zamani.

"Madhabahu zote ni nzuri," akasema Mwalimu Landa. "Nipeleke Korongoni."

"Tukimaliza kanisani, Mwalimu."

"Mungu nimezungumza naye njia nzima, hana neno na wewe. Twende jaani."

Basi Filogonio Yescas, aliyekuwa na suti aliyooa nayo na nywele zilizopakwa mafuta, akapita katikati ya soko siku ya sikukuu akiongozana na mzee mwenye gunia la takataka. Watu waliacha biashara zao wakawa wanatazama. Mwalimu hakuwa na habari nao. Mbele ya kibanda cha Doña Tomasa, muuza mboga, aliokota mfuko, akaukung'uta, akampa mwenyewe kwa adabu zote.

"Mama, umedondosha."

"Sikudondosha, nimetupa!"

"Ah. Basi nimekosea," akasema mgeni, na akabaki ameunyoosha mkono mpaka yule mama akaupokea.

"Don Filo!" Doña Tomasa akapaza sauti nyuma yao. "Umetuletea msomi au umetuletea mfagiaji?"

Soko zima likaangua kicheko. Filogonio aliinua kofia kidogo kama mtu anayesalimiwa, akazidisha mwendo.

Korongoni walisimama kwenye ukingo. Moshi ulikuwa bado unafuka kutoka chini, na kunguru walikuwa wengi. Mwalimu Landa alitazama chini, akavuta pumzi, akakohoa, akatazama tena. Ukimya huo ulimtisha Filogonio kuliko maneno, akaona afadhali aseme yeye.

"Mwalimu, nakuomba. Mchana kwenye hotuba, sema mambo ya jumla. Misitu. Hewa. Dunia kwa ujumla."

"Kwa ujumla ndiyo wapi hiyo? Nielekeze nami niende, nimechoka na mahali penye majina."

"Wewe ni mgeni wetu. Mgeni hakisemi choo cha mwenyeji wake."

"Na anayekunywa kinachotoka chooni humo, yeye aseme?"

Filogonio akajipangusa majivu kwenye suti. "Mimi ni mtumishi tu," akasema. "Nimepewa mwaka mmoja. Nataka kuumaliza salama."

Yule mzee akamgeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa laini. "Usiogope, bwana mikate. Mimi sitasema sana. Nimekuja kumpisha mwingine aseme."

Filogonio alipaswa kuuliza ni nani huyo mwingine. Lakini alikuwa amesikia "sitasema sana," na hayo yalimtosha, akashusha pumzi.

Hotuba zilikuwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, chini ya bati jipya. Bendi zote zilikaa upande mmoja, wanaume upande mwingine, wanawake na watoto mbele, na juu ya jukwaa meza ndefu yenye kitambaa cheupe alichokidarizi Amparo mwenyewe. Don Wulfrano alikaa katikati. Filogonio alikaa kulia kwake. Kiti cha mgeni kilibaki kitupu, maana mgeni alisema anasikia usingizi akikaa. Alipoitwa, alikisukuma kando kipaza sauti, akabeba gunia lake, akalibwaga juu ya kitambaa cheupe.

"Hiki ndicho nilichookota kutoka kwenye daraja la El Carrizal mpaka langoni kwenu," akasema, na akalimimina.

Zikatoka chupa. Zikatoka nepi. Zikatoka sahani nyeupe nyepesi, betri, kiatu cha mtoto, na vitu ambavyo kasisi aligeuza uso asivione. Harufu ikaenea. Watu wakaanza kuguna, na nyuma vijana wakapiga mbinja. Mwalimu Landa akachambua chambua kwa vidole, akainua mfuko wa plastiki uliokuwa na maandishi mekundu: Mikate ya Yescas, Mitamu Kila Siku.

"Mkate huu nimeula asubuhi," akasema. "Ni mkate bora, sisemi uongo. Mfuko wake huu sikuuokota njiani, tuliutoa kwenye koo la mbuzi. Mwenye mbuzi yuko hapa, mbuzi hayupo."

Kicheko kilichopigwa hapo kilimwingia Filogonio mpaka kwenye mifupa. Jina lake! Jina la baba yake, kwenye mfuko uliotoka kooni mwa mzoga, mbele ya kamati za miji sita! Aliitazama meza. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na suti, na mafuta ya nywele, na kila kitu.

Mwalimu Landa alingoja mpaka kicheko kikaisha.

"Mimi sina la kuwafundisha," akasema. "Nyinyi mnajua. Aliyeko chini ndiye mwenye la kusema, na hajawahi kupewa nafasi ya kulisema akiwa amesimama. Mama, inuka."

Kutoka kwenye kundi la wanawake wa El Carrizal akainuka Noemí.

Alikuwa amemtoa Elí kwenye mbeleko, akamshika mbele yake kwa mikono miwili, miguu ya mtoto ikining'inia wazi ili kila mtu aione. Tangu utotoni Noemí hakuwa msemaji. Hata mashairi ya shule alikuwa akiyasoma huku ameziba mdomo. Akavuta pumzi, akawatazama watu, halafu akamtazama baba yake, kama mtoto anayetafuta mahali pa kushika kabla hajaruka.

Don Wulfrano akainama sikioni kwa Filogonio. "Don Filo, yule si binti yako?"

Hakusema zaidi ya hayo. Hakukunja hata uso.

Sasa ni lazima nieleze kitu ambacho kila mtu wa milima hii anakijua. Kwetu mtu akipewa zawadi, au akimaliza kusema jambo jema, bendi humpigia diana. Ni kipande kifupi cha shangwe, tarumbeta zote na ngoma zote kwa pamoja, na fataki juu. Ni heshima. Lakini diana ikishapigwa, mazungumzo yamekwisha. Anayeendelea kusema baada ya diana ni sawa na anayerudi kwenye sufuria baada ya kunawa. Na anayetoa ishara ya diana ni mkuu wa kamati, kwa kuinua kofia.

Filogonio akainua kofia.

Maestro Heladio alisita. Alimtazama Noemí aliyesimama hajatamka neno, akamtazama Filogonio, akakunja paji la uso. Kofia ikabaki juu. Basi akashusha fimbo yake, na bendi ikalipuka.

Bendi za wageni zikadakia nazo, maana diana haiachwi ipigwe na bendi moja. Fundi wa fataki akawasha. Watu wakapiga makofi, kwa sababu diana ikilia mikono ya watu wetu hupiga yenyewe, hawaulizi ni kwa nini. Elí alishtuka, akaanza kulia, na kilio chake hakikusikika. Noemí alikuwa amefungua kinywa. Midomo yake ilicheza kidogo, ikaacha. Alisimama katikati ya shangwe ile, mtoto mikononi, akimtazama baba yake, na Filogonio akagundua kwamba hata yeye anapiga makofi.

Mwalimu Landa alishuka jukwaani, akaenda akasimama kando ya Noemí, akavua kofia yake iliyotoboka. Walibaki hivyo mpaka tarumbeta ya mwisho ikanyamaza. Don Wulfrano alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti.

"Tunamshukuru mgeni wetu kwa maneno yake mazito," akasema, "na tunawashukuru ndugu zetu wa El Carrizal kwa kuja kusherehekea nasi. Supu iko tayari!"

Mchana huo wote watu walikuja kumpongeza Filogonio. Walimpigapiga mgongoni, wakamjazia mezkali, pombe yetu kali.

"Umemkata, lakini umemkata kwa heshima! Mimi ningemtoa kwa mabavu."

"Don Filo ana akili huyu, msimwone mpole."

"Na binti yako, maskini, amepigiwa diana kama malkia. Hata ubatizo wake haukuwa na diana."

Filogonio alitabasamu kila mara, na kila mkono ulioshuka mgongoni kwake ulimzidishia uchungu. Alijua alichofanya. Laiti wangemtukana! Mtu akitukanwa anaweza kujitetea, lakini yeye alikuwa anasifiwa na mji mzima kwa kumziba mdomo mtoto wake, na hakuwa na ujasiri wa kumwambia hata mmoja wao anyamaze. Alimtafuta Noemí kwa macho kwenye foleni ya supu. Wanawake wa El Carrizal walikuwa wameshaondoka bila kula.

Mwalimu Landa alipitia kwenye chumba cha kuokea mikate kuaga. Kwenye meza ya jukwaani alikuwa ameacha zawadi ya mji, saa ya ukutani iliyozungushiwa nailoni, juu ya rundo la takataka zake. Filogonio alikuwa amejificha nyuma ya tanuri akijitia ana kazi.

"Nimewahi kufukuzwa kwa mawe," yule mzee akasema mlangoni. "Nimefukuzwa kwa mbwa. Mahali pamoja walinifukuza kwa polisi na farasi. Kwa muziki ndiyo mara ya kwanza."

"Mwalimu, mimi..."

"Usiniombe radhi mimi. Mimi nimezoea, na pengine napenda. Nipe mkate mmoja wa njiani. Bila mfuko."

Filogonio akampa. Mzee akautia kofiani, akashuka zake.

Amparo hakugombana naye, na hakuna aliyefunga dirisha. Alikuwa anakikunja kitambaa cheupe chenye madoa, akasema bila kuinua uso, "Yule nilimzaa mimi kwa uchungu wa siku mbili, na aliponyamaza nilidhani amekufa. Leo umeninyamazishia tena." Baada ya hapo alizungumza naye habari za unga na kuni tu.

Mwaka uliisha. Kwenye mkutano mkuu Filogonio alikabidhi utumishi wake, na mkutano ukaandika kwamba ameumaliza vizuri. Alisimama, akashika kofia, akasema anaomba kuongeza neno kuhusu Korongoni. Watu walitulia kumsikiliza. Lakini aliponyanyua macho akaona nyuso zote zile zinazomheshimu, akasema tu kwamba pale pawekwe uzio, mbuzi wasiingie. Walimpigia makofi. Suala la uzio nalo likawekwa mezani.

Aliiacha mifuko ya plastiki, akawa anafunga mikate kwa karatasi. Watu walimsifu kwa hilo pia.

Noemí hakupanda tena siku za soko. Alikuja mumewe, akauza nyanya na kuku wake, akaulizwa hali, akasema hawajambo, akaondoka. Kila siku ya soko Filogonio alikaa mlangoni akiitazama njia ya bondeni, na kila mara alijiambia kwamba juma lijalo atashuka yeye. Alikuwa anaona haya. Unaweza kucheka, mtu mzima mwenye mvi kuona haya kwa mwanawe mwenyewe, lakini hayo ndiyo yaliyomshika miguu, si umri wala mlima.

Mwishowe akashuka, Jumapili moja asubuhi, na kapu la mikate ya mayai aliyoioka yeye peke yake. Njiani alikuwa ameyapanga maneno. Atasema: mwanangu, nilikosea. Atasema: nilikuona umesimama, nikajifikiria mimi. Yalikuwa maneno machache na alikuwa ameyarudia mpaka yakawa mepesi mdomoni.

Noemí alimwona tangu mbali, akatoka uani. Hakukunja uso.

"Karibu, baba. Pita ndani. Pole na njia."

Akamfutia kiti kwa khanga, kile chenye mgongo. Akalipokea kapu kwa mikono miwili, akashukuru. Akamuuliza hali ya mama, hali ya biashara, kama mvua huko juu imenyesha. Alimuuliza vizuri, kwa zamu, kama tunavyowauliza watu wa serikali wakija kuhesabu watu. Elí alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alimtazama babu yake, akamtazama mama yake, akabaki pale pale. Vidonda vilikuwa vimepanda mpaka mapajani.

"Noemí," Filogonio akaanza. "Mimi nimekuja..."

"Ngoja kwanza nikutilie kahawa. Umetembea."

Alimtilia kwenye kikombe cha udongo kilichochorwa maua, cha wageni. Akamtilia na Elí kidogo kwenye bakuli lake, akamvunjia mkate wa babu ndani yake, kisha akakaa juu ya kigogo mbele yao, mikono mapajani, akingoja.

Filogonio alikishika kikombe. Kahawa ilikuwa nzuri, nyeusi, inanukia mdalasini. Kupitia mlango wazi kilisikika kijito kile cha Korongoni. Alikipeleka mdomoni, na kabla hakijafika mkono wake ukasimama. Ulisimama kidogo sana, kiasi cha mtu kupumua. Mtu mwingine yeyote asingeona. Kisha akanywa, akanywa mpaka mashapo, akaunguza ulimi.

Alipokishusha, Noemí alikuwa anautazama mkono wake.

"Yamechemshwa, baba," akasema kwa upole.